Nilimwambia Kaka Atie Saini

Mlioniacha wiki iliyopita nikiwa nimeshikwa nywele, jueni kwamba bado nimeshikwa.

Kwa aliyechelewa: mimi ni mwanafunzi wa uhasibu. Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na karakana aliyoachiwa na marehemu baba ndiyo inayotulisha sisi wawili na mama yetu. Nyuma ya karakana kuna uwanja wa vyuma chakavu wa mzee mmoja tunayemwita Koleo, kwa sababu akishika kitu haachii. Uwanja wake umejificha, karakana yetu inatazama barabara. Alikuja kuitaka, kaka akakataa. Akaja tena, kaka akakataa tena. Safari hii hakuja kuomba. Alikuja na vijana wake wawili, wakafunga mlango kwa ndani, mchana kweupe.

Kijana mmoja ndiye aliyenishika nywele. Wa pili ni yule asiyesema neno, wanamwita Kimya. Huyo alikuwa amemlaza kaka kifudifudi juu ya meza ya kazi. Mkono wa kushoto wa kaka ulikuwa umebanwa kwenye jiliwa, lile dude la kubania vyuma. Mkono wa kulia walikuwa wameupa kalamu.

Mpini wa jiliwa alikuwa ameushika Koleo mwenyewe.

"Tia saini, kijana. Nina kazi nyingine."

"Sitii," kaka alisema.

Koleo akazungusha mpini. Nilisikia kidole kikivunjika. Sitawaeleza kililiaje, maana wengine mnasoma huku mnakula.

"Mzee Koleo!" nilipiga kelele. "Utaua mtu kwa ajili ya banda?"

"Nani anaua? Mimi nanunua." Alinigeukia kwa upole kabisa, kama mtu anayeeleza bei ya misumari. "Mimi si mwizi, binti. Natoa kitu, napata kitu. Pikapu yangu nyekundu iko hapo nje, na ufunguo huu hapa. Yeye achukue gari, mimi nichukue karakana. Si ndivyo wanavyokufundisha huko chuoni? Mkataba ni kupeana."

"Huko chuoni hawatufundishi ujambazi!"

Yule aliyenishika akanipiga kofi la mgongo wa mkono. Pete yake ikanipasua mdomo. Nikatema damu kwenye kiatu chake, akanipiga tena, nikaona nyota za rangi zote.

"Nizungushe tena?" Koleo alimwuliza kaka.

Kaka alikuwa amefumba macho. Jasho lilimtiririka puani likidondokea karatasi. Akatikisa kichwa, hapana.

Koleo akazungusha. Kidole cha pili.

Kisha akamwambia Kimya awashe grenda, ile mashine ya kukatia vyuma. Kimya akaiwasha, akaigusisha kwenye kona ya meza ili cheche zituonyeshe kwamba hawatanii. Halafu akaisogeza taratibu kuelekea kwenye vidole vya kaka vilivyochungulia nje ya jiliwa.

Nawaambia ukweli, na mnaweza kunicheka. Mtu mwingine angelia. Mtu mwingine angeomba dua. Kichwa changu mimi kilianza kufanya mtihani.

Wiki ile tulikuwa tunasoma sheria ya mikataba. Sisi watu wa uhasibu huwa tunaisoma kama mtu anayekunywa dawa chungu, tunafumba macho na kumeza. Lakini nilikuwa nimemeza kiasi. Pendekezo: lipo, Koleo amelitoa. Kitu cha kubadilishana: kipo, ni chakavu lakini kipo. Watu wazima wenye akili timamu: wapo, ukimwondoa Koleo. Ridhaa ya hiari: haipo! Haipo kabisa! Na mtu aliyelazimishwa kwa kupigwa au kutishwa, sheria inamruhusu kuuvunja mkataba huo. Nilikuwa nimepigia mstari kwa wino mwekundu.

"Kaka!" nilipiga kelele kuushinda mlio wa grenda. "Tia saini!"

Kaka akafumbua macho.

"Tia saini, nakwambia! Niamini mimi!"

Alinitazama. Yule ni mtu aliyeacha shule ili mimi nisome, na mtu akijinyima kwa ajili ya elimu yako huiamini kuliko unavyoiamini wewe mwenyewe. Akaivuta karatasi kwa kiwiko, akatia saini.

Koleo hakuishia hapo. "Na msomi wetu awe shahidi," alisema. Wakanisukuma mezani. Nikatia saini kwa mkono wenye damu, na moyoni nilikuwa nacheka. Tia tu, mzee, tia mfukoni karatasi yako, mimi na wewe tutaonana mbele ya hakimu.

Akamtupia kaka ufunguo mgongoni. "Mwisho wa mwezi muwe mmehama."

Wakaondoka. Nikalegeza jiliwa. Kaka akaketi chini ameukumbatia mkono wake, na mimi nikaanza kucheka kweli, meno yote mekundu.

"Debiti, umepigwa kichwani?" Kaka huniita Debiti, kwa madai kwamba tangu nizaliwe kazi yangu ni kupokea tu.

"Karatasi ile si kitu, kaka. Mkataba wa kulazimishwa hauna maana. Ni kama hukutia saini."

"Una uhakika?"

"Nimeusoma juzi!"

Sasa mnione vizuri. Nilikuwa nimesoma nusu ya sura. Nusu nyingine nilikuwa nimeilalia, udenda ukaloanisha ukurasa. Lakini nilijibu kama jaji.

Mama alipoona vidole vya mwanawe vimefungwa kwenye vijiti, alivua kandambili, akaanza na mimi. Alinipiga begani, mgongoni, popote palipofikika.

"Ulikuwepo! Ulikuwepo ukamwambia atie saini!"

"Mama, sheria iko upande wetu!"

"Sheria ina mikono? Ingemshika nani pale?" Akarusha kandambili ya pili. "Twendeni polisi, sasa hivi!"

Nikakataa mimi. Nilisema mtihani wangu ni wiki ijayo, kichwa changu kinahitaji utulivu, nikimaliza tutamtafuta wakili, tutamburuza Koleo kistaarabu. Haki haiozi, nikamwambia mama, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Mama akamtazama kaka. Kaka akasema, "Tumsikilize Debiti."

Mama akaenda kuokota kandambili zake. Angenipiga tena ningejisikia vizuri zaidi.

Jumamosi asubuhi nikaenda darasani, somo la mwisho la marudio. Mwalimu wetu wa sheria ni mama mwembamba mwenye kikohozi kisichoisha, na akikohoa hunyoosha kidole juu ili usidhani amemaliza. Mdomo wangu ulikuwa bado umevimba. Wenzangu walishaniuliza kama mtihani umeanza kunipiga kabla ya siku yake.

Nilinyoosha mkono. "Mwalimu, ni mfano tu. Mtu amebanwa, amepigwa, ametia saini. Mkataba huo si umekufa?"

"Nani kakwambia umekufa?"

"Si hana ridhaa?"

"Keti nikueleze." Akakohoa, kidole juu. "Kuna mkataba batili. Huo umezaliwa maiti. Watu wakikubaliana kuiba, hakuna mkataba hapo, hata wakitia saini kwa dhahabu. Lakini huu wa kulazimishwa haujafa. Ni mzima. Unatembea. Aliyeonewa ndiye mwenye haki ya kuuvunja, na asipouvunja, unaendelea kuishi."

Kiti kikaanza kuniunguza.

"Auvunje lini?"

"Mara tu anapotoka kwenye kitisho. Aseme wazi kwamba anaukataa, na arudishe alichopewa. Akikaa kimya, akakitumia kile kitu, akakitengeneza, akakifanya chake, mahakama itamwuliza: wewe uliyelazimishwa, mbona unafurahia? Itahesabika kwamba ameukubali upya, safari hii kwa hiari yake. Hapo amejifunga mwenyewe." Akanitazama mdomo. "Ni mfano tu, ulisema?"

Nilikuwa mlangoni.

Nilikimbia njia nzima. Kamba ya kiatu kimoja ikakatika, nikakivua, nikaendelea na kimoja. Nilikuwa na sala moja tu. Pikapu ile tuliiacha imeegeshwa mbele ya karakana na sikumbuki kumwambia kaka asiiguse. Nikawa naomba vidole vyake vimwume, alale, asiamke, asiguse kitu.

Kabla sijafika nikaona mwanga wa buluu wa kuchomelea.

Kaka alikuwa amevaa barakoa ya chuma, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa, wa kulia unafanya kazi. Pikapu ilikuwa imeoshwa. Juu ya bodi ya nyuma alikuwa ameijengea fremu ya mabomba, kubwa, nzuri, ya kubebea mageti. Na kwenye kona ya chini ya fremu alikuwa anamalizia kuchomelea nyota ndogo ya chuma.

Hapa lazima nisimame kidogo. Nyota ile ni ya baba. Hakuna kazi iliyotoka kwenye karakana yetu bila nyota kwenye kona ya chini. Baba alikuwa akisema mtu asiyeweka alama yake hajamaliza kazi. Kaka amerithi nyundo, amerithi karakana, na amerithi nyota. Anaweka nyota kwenye geti, kwenye dirisha, hata jiko la mkaa la mama lina nyota. Chuma kikiwa na nyota, mtaa mzima unajua ni chetu.

"Kaka, unafanya nini?"

Akafunua barakoa. Anatabasamu! "Si ulisema karatasi ile si kitu? Basi karakana ni yetu na gari ni letu. Nimelihesabu kuwa fidia ya vidole."

Nikamwendea kumzuia.

"Hongereni," sauti ikasema nyuma yangu.

Koleo. Alikuwa amesimama kando ya barabara na Kimya, ameshika simu, anapiga picha. Akapiga ya fremu. Akainama, akapiga ya nyota, kwa karibu, kama anapiga picha ya mtoto mchanga.

"Kazi safi," alimwambia kaka. "Wakili wangu alikuwa na wasiwasi kidogo. Alisema, mzee, hawa wanaweza kusema uliwashurutisha. Nikamwambia subiri, huyo kijana ni fundi, hawezi kukaa na chuma asikiguse." Akaitia simu mfukoni. "Mwisho wa mwezi, kama tulivyokubaliana."

Nilishika bomba la kwanza lililokuwa karibu. Sikufikiri. Nilimlenga kichwa, akainama, likampata begani, na nilifurahi niliposikia alivyopiga yowe. Nikainua tena. Kimya akanipiga ngumi ya tumbo, nikakunjamana chini, akanikanyaga mkono mpaka bomba likanitoka. Kaka akamrukia. Ana mkono mmoja, maskini. Kimya alimshika ule wenye vidole vilivyovunjika, akaubana tu, kaka akapiga magoti.

"Waache," Koleo alisema, ameshika bega. "Hao washamaliza kazi yetu." Wakazunguka nyuma, kuelekea uwanjani kwake.

Kaka alikuwa anahema kwenye vumbi. "Amesema nini yule? Kumaliza kazi gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza nimelala vilevile, shavu kwenye mchanga, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumtazama. Kwamba mkataba ulikuwa mzima siku zote. Kwamba tulipaswa kuukataa siku ileile na kumtupia ufunguo wake. Kwamba mama alikuwa sahihi. Kwamba pikapu ndiyo bei ya karakana, na yeye ameichomelea nyota ya baba.

Kaka alijipangusa vumbi usoni. Halafu akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, "Lakini Debiti, wewe ndiye uliyeniambia."

Ningependa kuwaambia nililia. Sikulia. Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo maishani, nusu yake kwa Koleo na nusu kwangu mwenyewe, na hasira ya namna hiyo haitafuti wakili. Mwalimu alisema arudishe alichopewa. Alisema aseme wazi.

Nikaingia kwenye pikapu. Ufunguo ulikuwemo.

"Debiti! Shuka!"

Kaka ndiye aliyenifundisha kuendesha, na kila siku hunilaumu kwamba sijui kufunga breki. Siku ile sikuhitaji. Nilizunguka kona ya karakana, matairi yakilia, fremu mpya ikigongagonga nyuma. Mbele yangu kulikuwa na geti la uwanja wa Koleo. Geti lile alilitengeneza baba, enzi yeye na Koleo bado wanasalimiana, kubwa kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Nyota yake iko kwenye kona ya chini, nimeipita tangu nikiwa mtoto.

"Kitu chako hiki hapa!" nilipiga kelele. "Naukataa mkataba! Nimesema wazi!"

Nikakanyaga mafuta.

Geti la baba halikupinda. Zilizoachia ni nguzo za matofali alizojenga Koleo kwa mchanga mwingi na saruji ya kuonea huruma. Zikang'oka zote mbili, geti likaanguka ndani lote kama meza inayopinduliwa. Paji langu likagonga usukani. Kioo cha mbele kikanimwagikia mapajani. Injini ikazima.

Nikasikia mtu anakoroma.

Nilishuka nikiwa nimeshika mlango, damu ikiniingia jichoni. Koleo alikuwa amelala chali chini ya geti. Alikuwa anafunga komeo kwa ndani nilipofika, nadhani. Geti lilimkalia kuanzia mbavuni kushuka chini, na matofali ya nguzo yalikuwa juu ya geti. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania nondo. Simu yake ilikuwa vipandevipande kando ya kichwa.

Kimya alisimama hatua chache kutoka pale. Akamtazama bosi wake. Akanitazama mimi. Na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake, nyembamba, ya adabu.

"Mimi sikuwepo," alisema, akaondoka.

"Nitoeni," Koleo alikoroma. "Binti. Karatasi iko mfukoni, hapa juu. Ichukue. Ichane. Karakana yenu."

Kaka akafika anakimbia, ameubeba mkono wake. Akaona. Nilidhani atashtuka. Badala yake uso wake ukatulia, na mimi nikaanza kumwogopa.

"Umesikia alichosema?" aliniuliza. "Mwandikishe. Nyuma ya hiyohiyo karatasi. Aandike kwamba karakana ni yetu, na vidole vyangu ni kazi yake. Atie saini."

Nikapiga magoti, nikatoa karatasi kwenye mfuko wa shati lake. Kalamu ilikuwemo pia, ileile ya siku ile. Koleo alikuwa ameshanyoosha mkono kuipokea.

"Nasaini," alisema. "Chochote. Nasaini chochote."

Nikamwona jasho likimtiririka puani, kama lilivyomtiririka kaka. Pendekezo lipo. Kitu cha kubadilishana kipo, ni uhai wake. Ridhaa ya hiari haipo. Akitoka chini ya geti hili ataikana saini yake kabla hajapangusa vumbi, na sheria ile niliyoitegemea itamsikiliza, kwa sababu sasa aliyebanwa ni yeye na tuliomshikia mpini ni sisi.

"Kaka, haitafaa kitu," nilisema. "Akitoka ataikataa."

"Ndivyo sheria inavyosema?"

"Ndivyo inavyosema."

"Akitoka," kaka alirudia.

Akapandisha mguu mmoja juu ya geti, palepale kwenye nyota. Hakukanyaga kwa nguvu, aliuweka tu, na Koleo akatoa sauti ambayo sitaisahau. Kutoka barabarani nilisikia watu wanakuja, na sauti ya mama inaniita kwa jina langu zima.

"Debiti," kaka alisema, na hakuwa anamtazama Koleo, alikuwa ananitazama mimi. "Wewe ndiye msomi. Nikanyage, au ninyanyue?"

Na kaka, mmeshamjua, hufanya ninachomwambia.

Nikafungua mdomo.